Jinsi ya Kumfuatilia William Smith wa Norfolk: Nasaba ya Watu Wenye Jina la Kawaida

Karibuni watazamaji. Katika video hii tutafanya kazi moja tu: tutamfuatilia mwanamume aitwaye William Smith, kibarua wa mashambani katika kaunti ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mpaka tumfikie babu yake. Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili nisianike ukoo wa mtu hadharani, lakini nyaraka tutakazozipitia ni za aina ile ile utakayokutana nayo wewe, na mitego iliyomo ndani yake mingi imewahi kuninasa mimi. Ikiwa una bibi au mkwe wa Kiingereza, na mtoto amerudi shuleni na karatasi ya kujaza shajara ya ukoo wa pande zote mbili, basi hii ni video yako.

Kwanza tuelewane kuhusu jina lenyewe. Smith maana yake ni mhunzi, na zama majina ya ukoo yalipokuwa yakishika mizizi katika vijiji vya Uingereza, mhunzi alipatikana karibu kila mahali, kwa hiyo akina Smith wa vijiji viwili vinavyopakana huenda hawachangii hata tone la damu. Mtu wa pwani akijitaja kuwa ni Juma bin Hamisi bin Shaame amekwisha kukupa vizazi vitatu kwa pumzi moja. Mwingereza akikutajia William Smith bado hajakupa kitu. Kwa sababu hiyo hatutalikimbiza neno Smith. Tutayatafuta majina adimu yaliyokaa pembeni yake, yaani jina la ukoo alilozaliwa nalo mke, la mama, na hata la shahidi wa ndoa, kisha tutayatumia kama vipini vya kumshikia mtu wetu.

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, fungua lahajedwali kama hili mnaloliona kwenye skrini. Weka safu za tarehe, parokia, tukio, jina, wazazi, kazi na mashahidi, kisha uongeze safu ya mwisho yenye kichwa "Nimejuaje?". Safu hiyo utaiona ni ya ziada leo, lakini baada ya miezi mitatu ndiyo itakayokuambia kwa nini ulimkataa mtu fulani, nawe hutarudia kazi ile ile.

Hatua ya kwanza ni sensa ya 1851. Sensa ya 1841 ilitangulia kuandika majina ya watu wote nchini, lakini makarani waliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo mtu wa miaka 29 aliandikwa 25, na kuhusu mahali pa kuzaliwa waliuliza tu kama ni ndani ya kaunti hiyo au la. Sensa ya 1851, iliyohesabu watu waliolala nyumbani usiku wa tarehe 30 Machi, inataja umri kamili, uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya, na parokia alimozaliwa. Tazameni kaya yetu: William Smith, miaka 35, kibarua wa mashambani, mzaliwa wa Reepham, mkewe Ann, miaka 33, na watoto wao Keziah, miaka 9, William, miaka 7, na Mary, miaka 4.

Mwanafunzi wa haraka humrukia William mkubwa papo hapo. Mimi nakuomba umtazame Keziah. Akina William na Mary wa ukoo wa Smith wamejaa Norfolk nzima, lakini Keziah Smith aliyezaliwa karibu na Reepham mwaka 1841 au 1842 hawezi kuwa na wenzake wengi.

Hatua ya pili, basi, ni kumtafuta Keziah katika faharasa ya vizazi. Usajili wa serikali kwa Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya zamani, ambayo tovuti nyingi bado zinaitumia, haionyeshi jina la ukoo alilozaliwa nalo mama hadi mwaka 1911, lakini faharasa mpya iliyo kwenye tovuti ya Ofisi Kuu ya Usajili inalionyesha tangu mwanzo, nayo hutozwi chochote kuitafuta, unajiandikisha tu. Tunaandika Smith, tunaandika Keziah, tunachagua mwaka 1841 na mwaka mmoja mbele na nyuma. Anatokea mmoja, na pembeni yake jina la mama: Sizeland. Hicho ndicho kipini chetu cha kwanza. Kama Keziah asingeonekana tungemchukua mdogo wake, kwa maana kabla ya 1875 wazazi walioacha kusajili mtoto hawakuadhibiwa, na wapo waliopita bila kuandikwa.

Sasa twende kwenye hatua ya tatu, ndoa. Kumtafuta William Smith aliyeoa Ann ni sawa na kuchota bahari kwa kikombe, lakini William Smith aliyeoa Ann Sizeland ni mmoja. Tovuti ya FreeBMD, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, inawaonyesha wote wawili kwenye ukurasa mmoja wa faharasa mwaka 1839. Usikimbilie kununua cheti. Ikiwa walifunga ndoa katika kanisa la parokia, daftari la kanisa lina maelezo yale yale yaliyomo kwenye cheti, na picha za madaftari mengi zimewekwa mtandaoni, baadhi yake bure kwenye tovuti ya FamilySearch.

Hapa naomba usitishe video usome mstari huu polepole. Penye umri wa bwana arusi pameandikwa maneno yenye maana ya "umri kamili", yaani ametimiza miaka 21, basi. Wachungaji wengi hawakujisumbua zaidi ya hapo. William hakutia saini bali alichora msalaba, na karani akaandika jina lake pande zote mbili za msalaba huo. Baba yake ni John Smith, fundi viatu. Shahidi mmojawapo ni Susannah Smith. Kuhusu mashahidi, fungua kurasa mbili za kabla na mbili za baada: jina likijirudia kwenye kila ndoa, huyo ni karani wa parokia na hana undugu na maarusi. Susannah ametokea hapa tu. Mwandike.

Hatua ya nne ndiyo inayochosha kuliko zote, nayo ndiyo inayotenganisha utafiti na kubahatisha. Usimtafute William mmoja aliyebatizwa. Wakusanye akina William Smith wote waliobatizwa kati ya 1813 na 1819 katika Reepham na parokia zinazoizunguka, kisha uwaondoe mmoja baada ya mwingine.

Na hapa Reepham ina kituko chake. Uwanja mmoja wa kanisa ulikuwa na makanisa matatu ya parokia tatu tofauti: Reepham, Whitwell na Hackford. Kanisa la Hackford liliungua mwaka 1543, na leo limebaki gofu la mnara, lakini mengine mawili bado yamesimama yakigusana. Karani wa sensa akiandika "Reepham" huenda anautaja mji tu, na mtu wake akawa amebatizwa hatua chache kutoka hapo, katika daftari la parokia nyingine kabisa. Mtafiti anayefungua daftari la Reepham peke yake humkosa.

Tunapata wagombea watatu. William wa kwanza alibatizwa Reepham mwaka 1814, mwana wa John na Mary. Wa pili alibatizwa Whitwell tarehe 11 Februari 1816, naye ni mwana wa John na Mary. Wa tatu, wa parokia ya Hackford, alibatizwa mwaka 1817, na mama yake, Elizabeth, hakuwa ameolewa.

Isogeze picha karibu. Kuanzia tarehe 1 Januari 1813 sheria iliwalazimisha wachungaji kutumia daftari la ubatizo lililochapwa, lenye nafasi nane kwa kila ukurasa, na katika kila nafasi kuna makazi ya wazazi na kazi ya baba. Baba wa yule wa 1814 ameandikwa kibarua. Baba wa yule wa 1816 ameandikwa fundi viatu, sawasawa na daftari la ndoa. Inatia moyo, lakini haitoshi, kwa sababu kibarua aliweza kujifunza kushona viatu, na fundi aliyefilisika aliweza kurudi shambani. Kwa hiyo tunafungua daftari la maziko, ambalo tangu mwaka huo huo wa 1813 linataja umri wa marehemu. Mwaka 1819 Reepham ilimzika William Smith, miaka 5. Wa kwanza ametoka.

Mimi mwenyewe niliwahi kutumia karibu miaka miwili nikimchora babu wa babu wa rafiki yangu mmoja, nikamfikisha hadi karne ya 17, na siku moja ya mvua nikapitia maziko kwa kukosa la kufanya, nikamkuta yule niliyemfanya shina la mti wote alizikwa akiwa na miaka mitatu. Tangu siku hiyo sianzi na mtoto kabla ya kuhakikisha kwamba aliishi.

Yule wa tatu tunamtafuta katika sensa ya 1851, na tunamkuta yuko hai Norwich akiwa mtumishi wa nyumba ya wageni, mzaliwa wa Hackford. Hawezi kuwa amelala mahali pawili usiku mmoja. Anabaki William wa Whitwell. Hata hivyo, pitia pia madaftari ya Wamethodisti na Wabaptisti, mengi yao yalikabidhiwa serikalini baada ya 1837 na sasa yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, kwa sababu huenda yupo wa nne ambaye hakubatizwa Kianglikana.

Hatua ya tano ni kumpata mama. Ndoa za John Smith na Mary katika eneo hili ni nyingi mno, na fomu ya 1813 haikuuliza mama alizaliwa kwa nani. Hapa Norfolk inakupa zawadi ambayo kaunti nyingi hazina: katika parokia zake nyingi, kuanzia miaka ya 1780 hivi hadi 1812, wachungaji waliandika pia jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. William amezaliwa baada ya dirisha hilo kufungwa. Je, dada yake? Mkumbukeni Susannah, yule shahidi wa ndoa. Tunarudi Whitwell tunamkuta amebatizwa mwaka 1810, binti wa John Smith na mkewe Mary, "hapo awali Larter, mseja". Kipini cha pili. Ndoa ya John Smith na Mary Larter inapatikana mwaka 1807 katika kijiji cha nyumbani kwa Mary, kama ilivyokuwa desturi, na daftari la matangazo ya ndoa linasema bwana arusi alitoka Whitwell. Kabla ya kuandika kwa wino, hakikisha Whitwell haikuwa na John na Mary Smith wengine miaka hiyo: panga watoto wote kwa tarehe, na ukiwaona wawili wamepishana kwa miezi minne tu, ujue una kaya mbili.

Sasa John fundi viatu alizaliwa wapi? Katika ubatizo wa Whitwell hayumo. Kwa mtu maskini wa kijijini, msaada hutoka kwenye karatasi za waangalizi wa maskini (kwa Kiingereza "overseers of the poor"), yaani watu wa parokia waliosimamia misaada ya maskini. Chini ya sheria ya 1662 kila parokia iliwajibika kwa maskini wake yenyewe, na mgeni aliyeonekana ataomba msaada aliweza kufikishwa mbele ya mahakimu wawili wa amani, akaapishwa na kuhojiwa kazaliwa wapi, kajifunza kazi kwa nani, kafanya kazi ya mwaka mzima wapi, ili ijulikane arudishwe wapi. Wenyeji wa parokia walikuwa wakikwepa gharama. Sisi tumeachiwa wasifu wa watu ambao vinginevyo wasingeandikwa popote. Karatasi zilizosalia za kaunti hii ziko katika Ofisi ya Kumbukumbu ya Norfolk, mjini Norwich. Katika katalogi tafuta kwa jina la parokia, kisha neno la waangalizi wa maskini, wala usitafute kwa jina la mtu, kwa kuwa mabunda mengi hayajaorodheshwa jina kwa jina.

Katika mfano wetu, mahojiano ya 1815 yanasema John Smith ana miaka 31 hivi, amezaliwa Cawston, kijiji cha jirani, baba yake ni Thomas, na alifundishwa ushonaji wa viatu Reepham. Tunafungua daftari la Cawston. Wapo wawili: John mwana wa Thomas Smith, aliyebatizwa 1781, na John mwana wa Thomas Smith, aliyebatizwa 1784. Usidhani mara moja kwamba ni akina Thomas wawili. Mtoto akifa, jina lake mara nyingi lilipewa anayefuata. Maziko ya Cawston ya 1783 yanamtaja John, mtoto mchanga wa Thomas Smith, na ubatizo wa 1781 na wa 1784 yote mawili yanamtaja mama mmoja, Sarah, hapo awali Goulder. Basi John wetu ni wa 1784, na babu yake William ni Thomas.

Lijaze hilo kwenye lahajedwali, pamoja na ile safu ya "Nimejuaje?", kisha uandike Goulder kwa rangi nyekundu juu ya ukurasa. Katika video ijayo tutaanza na jina hilo, si Smith.