Maumivu ya kiungo cha taya: kipi kinasaidia, kipi tukikatae

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni. Asanteni kwa kuvumilia foleni mkafika Upanga.

Kila mmoja aweke kidole mbele ya sikio. Fungua mdomo polepole, ufunge. Umesikia kitu kinacheza? Hicho ndicho kiungo cha taya. Ndani yake mna kisahani laini kinachotenganisha mifupa miwili, na kila unapotafuna kiungo huzunguka na kuteleza pia. Kikilia bila kuuma, na mdomo unafunguka vizuri, kwa kawaida hakihitaji tiba. Kiacheni.

Kikianza kuuma ndipo watu wanapohangaika, kwa sababu maumivu hupanda sikioni na kwenye kipaji, yakashuka hadi kwenye magego. Wapo wanaofika kliniki wakiwa wameshang'olewa magego mawili mazima, na taya bado linauma vilevile. Hili linaniumiza sana, maana jino likishang'olewa halirudi.

Imani hiyo ya kulaumu meno ina historia ndefu. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo huko Marekani, alihusisha maumivu ya sikio na magego yaliyopotea na jinsi taya linavyofunga. Baada yake watu wengi walisagwa meno ili yakutane "sawasawa". Leo hatuna ushahidi kwamba kuyasaga meno kunatibu maumivu haya.

Desemba 2023 jarida la kitabibu la BMJ, la Uingereza, lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya, yaani yaliyozidi miezi mitatu. Walilinganisha tiba 59, nyingine zikiwa zimechanganywa. Zilizopewa uzito mkubwa ni hizi: mazoezi ya taya na ya mkao wa mwili chini ya usimamizi, mtaalamu kulichezesha taya na kubonyeza misuli iliyokaza kwa mikono yake, na tiba ya mazungumzo inayomsaidia mgonjwa kubadili namna anavyoyapokea maumivu. Kuelimishwa vizuri na kufanya mazoezi nyumbani navyo vimo.

Najua mnachowaza: tumelipa nauli kuja kuambiwa mazoezi? Ndiyo, na nasema kwa moyo wote. Hebu tujaribu moja. Gusa kaakaa kwa ncha ya ulimi, nyuma ya meno ya juu, kama unataka kutamka "na". Funga midomo, meno yasigusane. Hapo misuli imepumzika. Wengi wetu tunayakaza meno mchana kutwa bila kujua, kwenye usukani, mbele ya kompyuta, tukiwaza ada za watoto. Kila ukikumbuka, rudi kwenye mkao huo. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kwa sasa acha miwa, bisi na big'jii.

Kile kiplastiki cha kuvaa usiku? Mwongozo haukipendekezi kwa maumivu sugu, ingawa haukukipinga kwa nguvu. Maoni yangu ni kwamba anayesaga meno usingizini anaweza kukivaa ili meno yasilike, lakini asiuziwe kama dawa ya maumivu. Sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, nazo hazikupendekezwa. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, kuchanganywa na diklofenaki au ibuprofeni, mwongozo umekataa kabisa, na sisi tunaozinunua dukani bila cheti tusikie.

Upasuaji wa kukiondoa kile kisahani nao umekataliwa kwa nguvu. Miaka ya 1980 huko Marekani wagonjwa waliwekewa vipandikizi vyenye Teflon badala ya kisahani. Vikamegeka, mifupa ikalika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni. Wapo walioishi na maumivu makali kuliko waliyokwenda nayo hospitali.

Msisubiri mazoezi, nendeni hospitali, mkiona uvimbe wenye homa, ganzi usoni, au mdomo uliokwama. Aliyevuka miaka 50 akiumwa taya anapotafuna, huku kichwa kinauma na macho yanafifia, aende siku hiyohiyo. Na taya linalouma ukipanda ngazi, likatulia ukikaa, huenda ni moyo. Likiuma pamoja na kifua kubana au jasho jembamba, usingoje kupambazuke.

Mwenye swali anyooshe mkono, dada atamletea kipaza sauti.