Inamisha Chombo: Kumwokoa Mtoto wa Paka, na Kungoja Atuamini

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa mbele kwenye mkeka, ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya wanyama wanaoishi nasi mitaani. Nimechagua mmoja tu, na katika huyo mmoja nimechagua mtoto wake. Sote tunaijua methali: paka wa nyumba haingwa. Lakini paka wengi wa Mji Mkongwe hawana nyumba, na hao tunawainga kutwa, kwa ufagio, kwa maji, kwa kandambili. Leo nataka tuangalie vipi paka wa kuingwa anakuwa paka wa nyumba, na kwa nini katika safari hiyo mwenye kuamua ni yeye.

Mwaka juzi, katikati ya masika, nilikwenda diko la Malindi asubuhi kutafuta samaki. Nikasikia kilio chini ya matenga matupu yaliyopangwa ukutani, kilio chembamba kilichokwisha kukauka. Niliinama nikaona jicho moja. La pili lilikuwa limeganda kwa tongo. Mchuuzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, huyo mama yake kagongwa na gari juzi, hapo hapo barabarani."

Basi nilijua kuwa hana wa kumngoja. Lakini si kila mtoto wa paka unayemkuta peke yake katupwa. Mama yake huenda kutafuta chakula akawaacha watoto kwa saa kadhaa, na sisi kwa huruma yetu tukawanyakua, akarudi akakuta patupu. Ukimkuta mtoto safi, tumbo limejaa, amelala kimya, mwache. Rudi baadaye. Ikiwa huwezi kukaa kulinda, nyunyiza unga wa ngano kidogo kumzunguka, kwa mbali kidogo, kisha urudi uangalie nyayo. Zikiwepo nyayo za paka mkubwa, mama yupo, na hakuna maziwa ya dukani yatakayoshinda ya mama yake. Akiwa mchafu, amekonda, analia bila kukoma au amepoa mwili, huyo ni wako wa kumwokoa.

Nilimkamata kwa kanga. Nasema nilimkamata kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilijiona nimekuja na rehema. Yeye aliona mnyama mkubwa kuliko nyumba amemfunika giza na kumnyanyua. Akaning'ata kidole gumba mpaka damu ikatoka, na alikuwa na haki. Kumwokoa na kuaminiwa naye ni mambo mawili, ndugu zangu, na la kwanza mara nyingi huanza kwa kuliharibu la pili. Tangu dakika ile nilikuwa na deni kwake.

Nitoke kidogo kwenye hadithi kwa ajili ya kidole kile, maana hapa kuna watoto. Paka akikung'ata au akikukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha mwambie mzazi wako mwende hospitali siku ile ile. Ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa hupitia kwa paka pia, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna matibabu ya kutegemea. Chanjo ya mapema ndiyo inayookoa. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Nyumbani nilimweka kwenye mizani ya jikoni. Gramu 380. Meno ya mbele yalikwisha kutoka na macho yameanza kuacha ubuluu, kwa hiyo nilimkadiria wiki tano, na wa umri huo akiwa mzima hufika nusu kilo hivi. Jambo la kwanza halikuwa kumlisha. Mtoto wa paka aliyepoa hawezi kusaga chakula, ukimlisha akiwa baridi unaweza kumuua. Nilijaza chupa maji ya moto, nikaivingirisha kanga mbili, nikamweka kando yake ndani ya boksi, na nafasi ya kusogea mbali akiona joto limezidi.

Miaka mingi kabla ya huyu nilikuwa na mwingine. Nilimkuta barazani kwetu, nikamwekea kisahani cha maziwa ya ng'ombe, kama tulivyofundishwa sote kwamba paka na maziwa ni ndugu. Akaharisha usiku kucha, na asubuhi alikuwa amekufa mkononi mwangu. Matumbo ya watoto wa paka hayawezi sukari iliyo nyingi katika maziwa ya ng'ombe. Wanaharisha, maji yanakwisha mwilini, na mwili wenyewe ni mdogo kama embe. Sijamsahau. Ndiyo maana nalisema hili kila ninapopewa nafasi ya kusema. Aliye chini ya wiki nne anahitaji maziwa maalumu ya watoto wa paka, waulizeni madaktari wa mifugo, na anyonyeshwe akiwa amelalia tumbo, si chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Na kwa vile mama hayupo kumlamba, umpanguse sehemu zake za chini kwa pamba yenye maji ya vuguvugu kila baada ya kunyonya, maana katika wiki tatu za mwanzo hawezi kukojoa wala kwenda haja peke yake. Wangu alikuwa amepita hapo. Nilimpondea samaki wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu, miba yote imetolewa, nikachanganya na supu yake.

Jicho, viroboto na minyoo nilimwachia daktari. Mawili tu ya kuweka akilini. Unga wa viroboto wa mbwa wenye permethrin ni sumu kwa paka. Na paracetamol, dawa hii ya homa tuliyo nayo sote kabatini, humuua paka hata kwa kidonge kimoja.

Sasa tuje kwenye deni.

Siku nne za mwanzo alikaa ndani ya boksi, nyuma kabisa. Nikiingia chumbani ananipulizia "khaa!", manyoya yamesimama, mgongo umepinda. Wajukuu wa jirani walikuwa wakinisihi, "Bibi, mtoe tumbembeleze." Nikawaambia, hatumtoi. Boksi lina mlango, atatoka.

Nilikumbuka kisa ambacho nilisomeshwa chuo cha Qur'ani nikiwa mdogo. Kabsha binti Ka'b alimmiminia mkwewe, Abu Qatada, maji ya kutawadhia. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa, kisha akamwona Kabsha anamtazama kwa mshangao. Akamweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaokuzungukeni. Kila tulipokisoma, walimu wetu walituonyesha hukumu ya maji. Mimi siku zile nilikuwa nikitazama mkono. Hakumshika paka, hakumwita. Aliinamisha chombo, akatulia, na paka ndiye aliyekuja.

Basi nikafanya hivyo. Kila jioni baada ya alasiri niliketi sakafuni, ubavu nimempa yeye, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu na kuyasoma kwa sauti ya chini. Kisahani kilikuwa karibu na boksi siku ya kwanza, na kila siku nilikisogeza upana wa kiganja kuelekea kwangu. Saa ile ile, mahali pale pale, kanga ile ile. Paka huamini kwanza mazoea, mtu huja baadaye. Mara moja tu nilikosea. Siku ya sita alikuja kula karibu kabisa, nikashindwa kujizuia, nikanyoosha mkono juu ya kichwa chake. Akaruka akarudi bokisini na hakula tena usiku ule. Mkono unaotoka juu, kwa kiumbe cha ukubwa ule, ni mwewe.

Nikarudisha kisahani kilipokuwa siku ya tatu, nikaanza upya.

Na macho. Ukimkazia paka macho unampa changamoto. Mfumbie taratibu, kama mtu anayesinzia, ufumbue, halafu utazame pembeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 2020: paka hujibu kwa kufumba macho yao, na humsogelea zaidi hata mtu wasiyemjua akiwa amewafumbia hivyo. Mabibi zetu waliokaa barazani na paka miguuni walikuwa wakifanya hivi bila kuambiwa na mtu.

Siku ya kumi na moja nilikuwa katika daftari la hesabu, sehemu za desimali, nalikumbuka vizuri. Nikahisi kitu cha baridi na chenye unyevu kwenye kidole kikubwa cha mguu. Kilikuwa pua yake. Sikugeuka. Aliunusa mguu wote, kidole baada ya kidole, kisha akasugua shavu kwenye kifundo changu, na mwili mzima ukaanza kukoroma, sauti kubwa kuliko yeye. Nikaacha kalamu. Nilimkuna kwa kidole kimoja chini ya kidevu, nikaacha, nikangoja. Akausukuma mkono kwa kichwa. Yaani, endelea. Nililia, sioni haya kulisema.

Jina lake ni Tenga.

Msije mkadhani kila paka atafika hapo. Mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba umri ambao mtoto wa paka huzoea binadamu kwa wepesi ni kati ya wiki ya pili na ya saba. Baada ya hapo mlango haufungwi, lakini unakuwa mzito. Paka shume aliyekua mtaani bila kuguswa na mtu huenda asikae mapajani mwako maisha yake yote. Huyo naye ana haki yake: maji, chakula, kuhasiwa na kurudishwa mtaani kwake. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na ataibeba miezi miwili hivi. Tusipowahasi, kila masika tutawaokota watoto chini ya matenga.

Tenga sasa ni paka mzima. Hulala juu ya madaftari. Lakini mtu akiburuza tenga au boksi sakafuni, hukimbilia chini ya kitanda, na mimi huketi pale pale nilipo mpaka atoke.

Na wewe mwanangu wa darasa la tano, uliyeniuliza mlangoni juu ya paka wawili walio chini ya ngazi za skuli: umesema macho yao bado ya buluu na wamelala kimya. Leo usiwaguse. Kesho, kabla ya kengele, njoo nami. Nitaleta unga.