Kilo Isiyoweza Kukosea

Tuanze dukani. Mangi akikupimia sukari kilo moja, unaliamini jiwe lake la mizani. Jiwe hilo lilihakikiwa kwa jingine, na hilo jingine kwa jingine tena. Zamani, ukifuata mnyororo huo hadi mwisho, ungefika Sèvres, nje kidogo ya Paris, kwenye chumba kinachohitaji funguo tatu kukifungua. Ndani, chini ya vifuniko vya kioo, kuna kipande cha platini na iridi, mviringo kama kopo: milimita 39 kwenda juu, 39 upana. Tangu 1889 hatukusema kipande kile kina uzito wa kilo. Kilo ilikuwa ndicho chenyewe.

Sasa oneni balaa lake. Kilikuwa na nakala, na mara chache sana zilikutanishwa nacho. Kabla ya kupimwa vilisuguliwa kwa ngozi laini iliyoloweshwa etha na spiriti, kisha vikafukizwa kwa mvuke wa maji safi, utadhani bibi harusi anasingwa. Kwenye ulinganisho ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, nakala nyingi zilionekana zimeachana na mama yao kwa takriban mikrogramu 50. Ni kama uzito wa alama ya kidole tu. Lakini nani kapungua, nani kanenepa? Kwa sheria, kilo kuu haipungui. Ikipungua, basi ulimwengu wote ndio umeongezeka uzito, na mimi na kitambi changu humo humo.

Novemba 16, 2018, wajumbe wa nchi mbalimbali walipiga kura Versailles kubadilisha maana ya kilo. Uamuzi ukaanza kazi Mei 20, 2019. Kilo ikafungwa kwenye namba, konstanti ya Planck, yaani namba ya maumbile isiyobadilika popote, inayounganisha nishati ya mwanga na kasi ya mitetemo yake. Mwingereza Bryan Kibble alikuwa amebuni mizani ambayo haina jiwe upande wa pili: ina koili ya waya ndani ya sumaku, unapitisha umeme hadi msukumo wake ulingane na mzigo. Umeme huo hupimwa kwa njia zinazoishia kwenye konstanti hiyohiyo. Namba ilichaguliwa kwa uangalifu, kwa hiyo sukari yako haikuguswa, usiende kugombana na Mangi.

Na kile kipande? Bado kiko Sèvres, chini ya vioo vyake. Siku ya mabadiliko kilihesabiwa kilo moja, kwa shaka ya mikrogramu 10. Siku hizi nacho kinapandishwa mizanini kama sukari.