Gurudumu, Maiti na Shilingi 20: Uchunguzi wa Vifo vya Ajali Uingereza, Karne ya 18

Ndugu wasikilizaji, ofisa tunayemzungumzia leo, mchunguzi wa vifo, anaitwa koroneri. Najua jina hilo linawakumbusha nini. Undugu wake na ule ugonjwa wa korona ni wa neno moja tu la Kilatini, lenye maana ya taji. Cheo hiki kilianza mwaka 1194, na kazi yake ilikuwa kulinda haki za taji, hasa mapato ya mfalme. Hilo la mapato lishikeni, tutalirudia.

Tuseme ni mwaka 1760, kijijini. Gari la farasi lililojaa ngano limemtupa dereva wake chini, na gurudumu likampita kifuani. Konstebo wa parokia anapeleka habari kwa koroneri. Koroneri anamrudishia hati ya kuwaita wanaume wa jirani wawe juri, yaani baraza la kuamua namna ya kifo. Huitwa hadi 24, na lazima wasiopungua 12 wakubaliane. Mara nyingi hukutana kwenye kilabu cha pombe, kwa sababu kijijini hapo ndipo penye chumba cha kuwatosha.

Jambo ambalo halikuwa na mjadala ni kuiona maiti. Koroneri na juri lazima waione pamoja. Wasipoiona, uchunguzi wote ni batili. Ndiyo maana wanakijiji waliozika haraka, labda kwa sababu ya joto, walijitia matatani: kaburi liliweza kufukuliwa, na kijiji kikatozwa faini.

Waliiangaliaje? Kwa macho tu. Wanaivua nguo, wanaigeuza, wanatafuta jeraha, michubuko, alama ya kamba shingoni. Daktari akiwepo ni heri, lakini sheria haikumwekea malipo hadi mwaka 1836, kwa hiyo mara nyingi hakuwepo. Hapa ndipo uchunguzi ulipokuwa dhaifu. Damu iliyovujia ndani haionekani kwa nje. Aliyeopolewa mtoni akiwa na mchubuko kichwani, je, alipigwa kabla ya kutupwa, au aligongwa na mawe ya mto akiwa tayari amekufa? Mkulima na mwashi wataamuaje? Wakikosa alama, wanategemea shahidi aliyekula kiapo. Na kama hakuna aliyeona tukio, anasikilizwa yule aliyeikuta maiti.

Uamuzi uliandikwa juu ya ngozi, kwa Kilatini hadi mwaka 1733, kisha kwa Kiingereza. Ulitaja mahali, siku, majina ya juri na namna ya kifo, ukimalizia kwamba marehemu alifikwa na mauti kwa ajali na bahati mbaya, wala si vinginevyo. Hayo maneno “wala si vinginevyo” yalikuwa na kazi: yanafunga mlango wa mauaji na wa kujiua.

Sasa gurudumu. Kitu kilichosababisha kifo kiliitwa diodandi, yaani cha kutolewa kwa Mungu, ingawa mpokeaji alikuwa mfalme, au bwana wa eneo aliyepewa haki hiyo. Juri ndiyo iliyokitaja na kukikadiria thamani. Wanasheria wa miaka ya 1760 walieleza hivi: mtu akipanda gurudumu la gari lililosimama, akaanguka akafa, diodandi ni gurudumu peke yake. Gari likiwa mwendoni, kila kilichosogea pamoja nalo kimo hatarini, farasi na mzigo pia. Mwenye gari ni jirani yao, na farasi ndiye mtaji wake. Basi juri ikapata njia: inataja kipande kidogo tu, au inakadiria shilingi moja. Kwangu huo si uzembe, walijua wanachofanya. Utaratibu ulidumu hadi treni zilipofika. Mwaka 1841, baada ya ajali ya treni huko Sonning, juri ilikadiria injini na mabehewa pauni 1,000. Mwaka 1846 diodandi ikafutwa.

Na koroneri mwenyewe alikula nini? Sheria za zamani zilimpa shilingi 13 na peni 4 kwa maiti ya aliyeuawa. Kwa kifo cha ajali, sheria ya wakati wa mfalme Henry VIII ilimkataza kuchukua chochote. Mtu aache shamba lake, apande farasi nusu siku kwenye matope kwa ajili ya aliyezama kisimani, bure? Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1752 ikabadilisha hali: shilingi 20 kwa kila uchunguzi uliofanywa ipasavyo, na peni 9 kwa kila maili kutoka nyumbani kwake, kutoka kodi ya jimbo. Alipeleka madai yake kwenye kikao cha mahakimu cha robo mwaka, nao waliweza kukataa kumlipa wakiona hapakuwa na sababu ya kufanya uchunguzi.

Madai hayo ni hazina. Ya jimbo la Wiltshire yamebaki tangu 1752 hadi 1796. Ila anayeyasoma awe mwangalifu anapohesabu. Akikuta vifo vya ajali vimeongezeka kwenye nyaraka baada ya 1752, aulize kwanza kama magari na visima viliua zaidi, au ni koroneri ambaye sasa alikuwa na nauli.