Handaki la Seattle: Chini Walipita, Juu Walipata

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie mahandaki ya barabara mijini. Nitachukua mji mmoja tu, Seattle kule Marekani, kwa sababu pale aibu na sifa zote zilitokea hadharani.

Tangu miaka ya 1950 ufuo wa Seattle ulikatwa na barabara ya juu, Alaskan Way Viaduct, zege la ghorofa mbili lililosimama kati ya mji na maji. Wanaoijua ile ya Nairobi watanielewa haraka. Ilipitisha magari yapatayo 90,000 kwa siku. Chini yake palikuwa na kivuli, maegesho na ngurumo, na mtu akitoka soko la Pike Place kwenda baharini sharti apite uvunguni. Februari 2001 tetemeko likaitikisa, ikapata nyufa.

Wakaamua kuchimba handaki lichukue nafasi yake. Mashine ikaitwa Bertha, jina la mwanamke aliyekuwa meya wao miaka ya 1920. Kipenyo chake kilikuwa mita 17.5, kimo cha nyumba ya ghorofa tano! Ilianza 2013, na mwaka haujaisha ikakwama chini ya mji. Ikalala kiasi cha miaka miwili. Ikabidi lichimbwe shimo kutoka juu ili kichwa chake kitolewe kikatengenezwe. (Mafundi mnacheka, nawaona.) Handaki la kilomita 3.2 hivi likafunguliwa Februari 2019.

Ila kabla ya hapo kuna jambo ambalo mimi halinitoki akilini. Barabara ya juu ilifungwa Januari, na kwa wiki tatu hivi hapakuwa na ya juu wala ya chini. Ilitabiriwa foleni ya kufa mtu. Haikuja. Watu walibadili saa za kutoka, wakapanda mabasi na boti, wengine wakafanyia kazi nyumbani.

Basi mtu akiniambia handaki ni dawa ya foleni, namuuliza: zile wiki tatu utaziweka wapi? Tena handaki lenyewe halina pa kutokea katikati ya mji. Ni la wapitaji, na tangu Novemba 2019 wanalipia. Anayekwenda ofisini mjini halimfai kitu.

Faida waliipata juu. Barabara ilibomolewa, na kifusi chake kikajazia handaki kongwe la Battery Street lililokuwa limestaafishwa. Penye nguzo sasa pana njia za miguu na baiskeli, na tangu Oktoba 2024 unateremka kutoka sokoni hadi ufuoni kwa ngazi na bustani iliyopita juu ya barabara, bila kugusa gari.

Hata hivyo hawakumaliza kazi. Karibu na gati la feri wamerudisha barabara pana, yenye leni za mabasi na za magari yanayosubiri kuvuka maji. Ukifika pale na mkongojo wako, utaomba taa isikugeukie katikati.