Kiambishi "-ly" na Uundaji wa Vielezi vya Kiingereza

Mabibi na mabwana,

Anayejifunza Kiingereza huelezwa mapema kwamba kivumishi kikiongezwa "-ly" huwa kielezi, kwa mfano "slow" na "slowly". Kanuni hiyo inafaa kwa maneno mengi, na mabadiliko ya tahajia hayasumbui sana: "happy" hutoa "happily", "gentle" hutoa "gently", na vivumishi vyenye "-ic" huchukua "-ally", kama "basically", ila "publicly" limekaidi.

Matatizo huanza pale mwanafunzi anapoichukulia "-ly" kuwa alama ya uhakika ya kielezi, kwa maana "friendly" na "lonely" ni vivumishi, ilhali "fast" hutumika kama kielezi bila kuongezewa chochote. Chanzo chake ni cha kihistoria. Katika Kiingereza cha Kale, kielezi kiliundwa aghalabu kwa irabu "-e" peke yake, hivyo kivumishi "heard", chenye maana ya gumu, kilizaa kielezi "hearde", na "freondlic" kikazaa "freondlice". Irabu hiyo ilipoacha kutamkwa katika enzi ya Kiingereza cha Kati, "hard" likabaki na umbo moja lenye kazi mbili, na mwisho wa "-lic" na ule wa "-lice" ukaangukia katika "-ly" moja. Kwa hiyo "friendly" halikukiuka kanuni yoyote. Limerithi "-ly" yake kutoka upande wa vivumishi.

Lipo pia "hardly", ambalo limeachana na maana ya "hard". "He works hard" ni kusema kwamba anafanya kazi kwa bidii, lakini "He hardly works" ni kusema kwamba ni nadra afanye kazi, na kwa maoni yangu kosa la kuyachanganya maneno haya mawili ni zito kuliko yote ya tahajia, kwa kuwa sentensi hubaki sahihi huku ikimsema mtu vibaya.

Mwisho, si kila kitenzi hudai kielezi baada yake. Katika "She looked angry" tunaeleza hali ya mwanamke mwenyewe, naye alionekana ana hasira. Katika "She looked angrily at the door" tunaeleza namna alivyoutazama mlango. Ukiwa na shaka, weka "was" mahali pa "looked": sentensi ya kwanza inasimama, ya pili inavunjika.