Koti Jeusi la Baudelaire

Ndugu wasikilizaji, nawaombeni tuanze na koti. Koti refu jeusi la kiume, lile lililovaliwa Paris na tajiri, karani na mshairi. Wachoraji wengi walilikwepa. Katika Salon, yale maonyesho makubwa ya serikali, heshima ilikuwa ya waliochora miungu ya Ugiriki na mashujaa wa Roma. Mtu wa mtaani na tai yake alionekana hafai kuchorwa.

Charles Baudelaire, mshairi na mhakiki wa sanaa wa Kifaransa, alikataa. Katika tahakiki yake ya Salon ya mwaka 1846, akiwa na miaka 25, aliandika kwamba koti hilo lina uzuri wake, tena ndilo vazi la zama zenye huzuni: sote tumevaa kama watu waendao mazikoni. Mhakiki huyu alikuwa anadai picha ambazo karibu hakuna aliyekuwa akizichora!

Mwaka 1863 gazeti la Le Figaro likachapisha makala yake juu ya mchoraji wa maisha ya kisasa. Hakumchagua mchoraji Édouard Manet, rafiki yake. Alimchagua Constantin Guys, mchoraji wa magazeti aliyewahi kupeleka London michoro ya Vita vya Crimea. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, mimi simlaumu. Guys alizurura mjini mchana, usiku akainamia meza na kuchora mbiombio kwa kumbukumbu, kabla magari ya farasi na magauni aliyoyaona hayajamtoka kichwani. Kwa Baudelaire, nusu ya sanaa ni kipitacho, nusu ni kidumucho, na mchoraji hana ruhusa ya kukidharau kile kipitacho.

Hata hivyo Manet alikuwa ameshaanza. Itazameni picha yake ya 1862, ya muziki katika bustani ya Tuileries. Hamtamwona mpiga ala hata mmoja. Mtaona umati, kofia ndefu, na makoti meusi yamebanana chini ya miti. Kushoto, kwa ubavu, yumo Baudelaire mwenyewe. Uso wake ni mipigo michache tu ya brashi. Ilipoonyeshwa mwaka uliofuata, watazamaji walikasirika.

Baudelaire alifariki mwaka 1867. Mwaka 1876 mwandishi na mhakiki Edmond Duranty akaisogeza hoja mbele: mgongo peke yake utuambie tabia ya mtu, umri wake na tabaka lake, hata mikono iliyotiwa mfukoni inasema. Duranty alikuwa rafiki wa mchoraji Edgar Degas, na kazi za Degas ndizo tutakazozitazama sasa.